UZI: Nuno Espírito Santo, kipa wa benchi aliyekuja kuwa kocha. Mnaomcheka njooni hapa

kipa_wa_akiba (mleta uzi)

Wakuu kwema? Jana Jumapili nilikuwa banda umiza la hapa mtaani, West Ham anacheza na Newcastle, Newcastle wakapata goli mapema kabisa kupitia Murphy, dogo mmoja nyuma yangu akaropoka "huyu kocha si alikuwa golikipa wa kukaa benchi, atamfundisha nani nini?" Banda zima likacheka. Mechi imekuja kuisha 3-1 kwa West Ham, Paquetá kasawazisha, Botman kajifunga, Souček kamalizia dakika za nyongeza, ushindi wa kwanza wa Nuno tangu aende pale. Nikageuka nyuma kumtafuta yule dogo, kashasepa zamani.

Lile neno limenikaa usiku kucha maana na mimi nilikuwa kipa wa kukaa benchi (mchangani jamani, msije mkadhani nilicheza ligi kuu). Kwa hiyo nashusha uzi, nipeni muda natype kwa simu yenye kioo kilichopasuka.

Jamaa jina kamili ni Nuno Herlander Simões Espírito Santo, kazaliwa Januari 1974 kule São Tomé, vile visiwa vya ghuba ya Guinea vya mashamba ya kakao, wakati huo bado koloni la Ureno, uhuru wamepata Julai 1975. Akakulia Ureno, soka akaanzia Vitória de Guimarães. Sasa hapo Guimarães ndio kuna stori ambayo wengi mnaijua nusu nusu. Miaka ya katikati ya 90 alikutana na bwana mmoja aliyekuwa anaendesha kilabu cha usiku na duka la kukodisha kanda za video. Nuno alikuwa anataka kuondoka Guimarães, dili limekwama, yule bwana wa disko akasema niachie mimi. Akamfikisha Deportivo La Coruña ya Hispania mwanzoni mwa 1997. Yule bwana ni Jorge Mendes. Ndiyo, Mendes huyo huyo aliyekuja kuwa wakala wa Ronaldo na Mourinho. Mteja wake wa kwanza kabisa maishani ni golikipa ambaye hakuwa hata namba moja wa uhakika.

Deportivo akapelekwa mkopo Mérida, akarudi, akapelekwa mkopo Osasuna, akarudi. 2002 akaenda Porto kwa Mourinho. Na pale Porto langoni kuna Vítor Baía. Nadhani mnaelewa maana yake. Baía pale Porto alikuwa kama minara ya msikiti, huwezi kumhamisha.

Kwa hiyo Nuno ana medali ya UEFA Cup 2003 na ana medali ya Champions League 2004, ile ya Gelsenkirchen Porto 3 Monaco 0, na usiku ule hakugusa mpira hata mmoja zaidi ya ile ya kupasha misuli.

Sasa nisikilizeni. Kazi ya kipa wa akiba watu hawaijui. Kabla ya mechi yeye ndiye anamtoa jasho kipa namba moja, anampigia za chini, za juu, krosi, halafu filimbi ikilia anavaa koti anakaa. Beki wa akiba ataingia dakika ya 70, straika wa akiba ndio usiseme, ila kipa wa akiba anaingia mwenzake akiumia au akila nyekundu, yaani unasubiri kitu ambacho hata kukiombea ni dhambi. Dakika 90 unafanya nini? Unaangalia. Unaona beki wa kushoto kachoka kabla yeye mwenyewe hajajua kachoka. Unaona namba sita anaacha tundu. Unaona kipa mwenzako yuko hatua moja mbele kuliko inavyotakiwa na huna pa kumwambia. Miaka 18 mtu anaangalia hivyo, unadhani anatoka na nini?

Ngoja nichaji simu, naendelea na Yokohama.

mtu_wa_pembeni

Naweka kambi hapa. Popcorn ziko wapi

GunnerWaTandale

Mkuu uzi mzuri ila tusidanganyane, Nuno ni mpaki basi. Timu zake mpira hawataki, wanarudi nyuma kumi wanasubiri ukosee. Halafu umeruka Tottenham kimya kimya 😂 siku 124 tu wakamtimua. Sisi Arsenal tulimpiga 3-1, dakika ya 34 tu goli zote tatu zishaingia, alikuwa amesimama pale na ndevu zake anatizama kama mtu aliyepotelewa na basi kweli.

kipa_wa_akiba

Gunner tulia, Tottenham naifikia, sikimbii.

Yokohama. Desemba 2004, Kombe la Mabara, bingwa wa Ulaya na bingwa wa Amerika Kusini, Porto na Once Caldas ya Colombia. Na ilikuwa mara ya mwisho kuchezwa ile kwa mtindo ule. Mechi 0-0, Porto magoli yao yanakataliwa, wanagonga miti, hakuna kitu. Zimeingia dakika za nyongeza, Baía akajisikia vibaya, moyo unamsumbua, ikabidi atoke. Sasa fikiria wewe ndio Nuno. Umekaa kwenye koti karibu mechi nzima na baridi ya Desemba ya Japani, mikono imekufa ganzi, unaambiwa vua koti ingia, na mechi inakwenda penati. Penati zimepigwa tisa kwa tisa. Imeisha 8-7, Porto mabingwa wa dunia, Pedro Emanuel kapiga ya mwisho, na langoni aliyekuwepo ni kipa wa benchi.

Na kabla sijasahau, huyu mtu amewahi kufunga goli. 2003 kombe la Ureno Porto wanamtandika Varzim 7-0, ikapatikana penati, Mourinho akamruhusu kipa aende kupiga. Akaweka kambani. Golikipa wa akiba kawafunga watu penati halafu mnasema atafundisha nini.

Baada ya hapo akaenda Dynamo Moscow 2005 na lile kundi la Wareno kina Maniche na Costinha, akapita Aves, akarudi Porto kukaa nyuma ya Helton, akastaafu 2010. Euro 2008 aliitwa timu ya taifa baada ya Quim kuumia. Hakucheza. Mechi za timu ya wakubwa ya Ureno alizocheza maisha yake yote ni sifuri.

mtu_wa_pembeni

Sifuri? Daah. Alienda Euro kutalii

mzee_wa_kumbukumbu

Vijana mmenikumbusha mbali. Naongezea kidogo mleta uzi asinielewe vibaya.

Ureno hii habari ya kipa kugeuka kocha haijaanza na Nuno. Baba yake Mourinho, Félix Mourinho, alikuwa golikipa, kadakia Vitória Setúbal na Belenenses, timu ya taifa kacheza mechi moja tu, 1972. Akawa kocha. Moja ya timu alizofundisha ni Rio Ave, timu ya Vila do Conde, mji wa wavuvi kaskazini mwa Ureno, na 1984 akaifikisha fainali ya kombe la Ureno, wakapigwa 4-1 na Porto. Sasa nani alikuja kuifikisha Rio Ave fainali ile ile miaka 30 baadaye? Nuno! Msimu wa 2013-14 kafika fainali zote mbili, kombe la Ureno na kombe la ligi, zote kafungwa na Benfica. Ila ndio msimu ulioipeleka Rio Ave Ulaya kwa mara ya kwanza.

Kabla ya Rio Ave alianza kama kocha wa makipa tu, Málaga, chini ya mzee Jesualdo Ferreira aliyemfundisha Porto, wakahamia wote Panathinaikos. Yaani hata ukocha kaanzia benchi la mwingine.

kipa_wa_akiba

@mzee_wa_kumbukumbu mkuu hiyo ya Félix nilikuwa siijui, naiba naenda kutambia nayo bandani.

bishoo_wa_mkeka

Wakuu samahani natoka nje ya mada, kuna mtu ana odi nzuri za kesho? Juzi West Ham kanichania mkeka, nilimpa Newcastle

mtu_wa_pembeni

Huyu ni wewe uliyekuwa nyuma ya mleta uzi 😂😂

bishoo_wa_mkeka

Sisemi kitu

mbwamwitu_wa_sinza

Mimi Wolves damu, ile timu ya Wolverhampton kule England, wachache Tanzania nzima tunajuana, ukivaa ile jezi ya dhahabu watu wanakuuliza ni ya kampuni gani ya bodaboda. Kwa hiyo Nuno niachieni mimi.

Kaja Mei 2017. Timu iko Championship, msimu uliotangulia imemaliza ya 15 na imekula makocha watatu, mmoja wao Walter Zenga, kipa mwingine tena lijendi wa Italia, hakumaliza hata miezi mitatu. Kwa hiyo tuliposikia tunaletewa golikipa mwingine tukasema haya, round ya pili.

Mambo ya Mendes hatukatai, Rúben Neves kutoka Porto kuja daraja la pili England akiwa na miaka 20 hiyo ilikuwa sio kawaida, Diogo Jota naye (Mungu ampumzishe, ile ajali ya Julai 2025 sijaizoea mpaka leo). Watu wakalalamika wakala ndio anaendesha klabu. Lakini wakala hapangi mabeki watatu. Nuno alimchukua Conor Coady, kiungo wa kawaida kabisa, akamgeuza beki wa katikati kwenye watatu, akaja kuitwa timu ya taifa ya England. Huyo kamuona vipi? Kwa jicho lile la kipa mleta uzi analolisema, kipa ndiye mtu pekee uwanjani anayeona migongo ya wenzake wote.

Ile mechi ya Cardiff ndio niwape kwa kirefu. Aprili 2018, kwao, wa kwanza na wa pili wanakutana. Neves kapiga faulo imeingia ile ya kuzunguka ukuta, tunaongoza 1-0. Dakika 90 zimeisha zinakwenda za majeruhi. Penati kwa Cardiff. Mimi nimegeukia ukutani sitaki kuona. Madine anapiga, John Ruddy anadaka upande wake, anaokoa! Tunashangilia, tumevunja kiti cha mwenye banda. Hata dakika mbili hazijapita, penati NYINGINE. Nikatoka nje kabisa, nasikia tu kelele, Hoilett kagonga mtambaa panya. Filimbi. Nuno kachomoka kwenye boksi lake anakimbia uwanjani kwa wachezaji wake kama kichaa, Neil Warnock wa Cardiff kamsubiri ampe mkono hajapewa, akamtukana mbele ya kamera, Nuno baadaye akaomba radhi.

Yule mzee na wengine wote waliona kiburi. Mimi niliona golikipa ambaye kaona golikipa mwenzake kaokoa penati ya dakika za majeruhi. Nani mwingine anajua hiyo ladha?

Na kingine. Kipa wetu namba moja Carl Ikeme, Mnigeria, Julai 2017 kabla hata ligi haijaanza alikutwa na saratani ya damu. Msimu ule jezi yake ilikuwa inanyanyuliwa kila wakati. Tumepanda na pointi 99, mabingwa. Ikeme akapona lakini akastaafu 2018. Ruddy aliyeokoa Cardiff, alikuwa amekuja msimu ule kuziba lile pengo.

Halafu Ligi Kuu tumemaliza wa 7 mara mbili mfululizo. City tumempiga nje ndani msimu mmoja, 2-0 kwao Adama Traoré kafunga zote mbili, kwetu 3-2 tukitokea nyuma 2-0. Wapaki basi hao?

GunnerWaTandale

2-0 Etihad zote zilikuwa kaunta dakika za mwisho. Umejijibu mwenyewe mkuu 😂

mbwamwitu_wa_sinza

Kaunta ni goli nusu? Refa anahesabu nusu?

kipa_wa_akiba

Hapa Gunner ana hoja na mimi siwezi kumkatalia yote. Nuno anafikiria mpira kuanzia golini kwenda mbele. Swali lake la kwanza sio tutafungaje, ni tutafungwaje. Kipa yeyote yuko hivyo. Klabu ikimwambia njoo tujenge kutoka chini kabisa, anajenga ukuta kwanza na watu wanafurahi. Klabu ikimwambia sisi wakubwa tunataka kutawala mpira na kufurahisha mashabiki, hapo ndio anakwama. Porto 2016-17 alirudi nyumbani kama kocha, kamaliza wa pili bila kombe, droo kibao, mpaka siku moja kwenye mkutano na waandishi akasimama akaanza kuchora kwenye ubao kueleza falsafa yake, Ureno nzima ikamcheka kwa ule mchoro. Akaondoka Mei 2017. Ndio akaenda kwa mbwamwitu wa Sinza.

Hata Valencia kabla ya hapo. Msimu wa kwanza 2014-15 wa nne na pointi 77, Champions League hiyo. Msimu wa pili mashabiki uwanjani kwao Mestalla wanampigia kelele aondoke, mmiliki Peter Lim rafiki wa Mendes, kocha mteja wa Mendes, wachezaji wa Mendes, watu wakachoka. Novemba 2015 wamefungwa 1-0 na Sevilla akaaga. Aliyekuja baada yake ni Gary Neville, mnajua ilivyoisha, sitaki kumcheka mtu.

spurs_wa_mbagala

Nimesoma kimya kimya naona jina la timu yangu linatajwa tajwa. Mimi Spurs, ndio hao hao Tottenham, toka enzi za Victor Wanyama, kwa hiyo maumivu ninayo ya miaka.

Tusimuonee Nuno. Kiangazi cha 2021 klabu ilitafuta kocha kama mtu anayetafuta mchumba siku ya harusi, Conte ikashindikana, Fonseca ikashindikana, Gattuso mashabiki wakamkataa kabla hajafika, mwishowe tarehe 30 Juni wakamtangaza Nuno na kila mtu anajua hakuwa chaguo la kwanza wala la tatu. Kane anataka kuondoka kwenda City. Mechi ya kwanza ni City, Son kapiga tumeshinda 1-0. Ya pili Molineux kwa wolves wake mwenyewe, 1-0. Ya tatu Watford, 1-0. Agosti inaisha tupo KILELENI mwa ligi na yeye kocha bora wa mwezi. Niliscreenshot ule msimamo, ninao mpaka leo.

Halafu Palace 3-0. Chelsea 3-0. Arsenal 3-1 (Gunner nyamaza). Mwisho Oktoba tarehe 30 United nyumbani, tumeshachapwa moja, anamtoa Lucas Moura anamuingiza Bergwijn, uwanja mzima ukazomea, sijawahi kusikia sabu ya wachezaji wawili wa kawaida inazomewa vile. Imeisha 3-0 tena. Jumatatu asubuhi kashafukuzwa.

Alikuja kama kipa wa akiba, kaingia mwenzake hayupo, kaondolewa mwenzake alipopatikana. Conte alisaini siku iliyofuata.

kipa_wa_akiba

Mkuu hii sentensi ya mwisho imenichoma. Umemaliza uzi wangu wewe.

jeddah_mpaka_darajani

Assalaam alaykum. Mie Mzanzibari niko Jeddah mwaka wa tisa, naendesha gari. Mmemtaja Nuno kila pahala isipokuwa huku.

Baada ya Tottenham alikuja Al-Ittihad, Julai 2022. Ittihad ni timu ya watu wa Jeddah hasa, njano na nyeusi, mahujaji wenu wakishuka uwanja wa ndege wanapita katikati ya bendera zake hawajui. Ubingwa ilikuwa haijauona tangu 2009. Nilikuwa na abiria wazee, hawazungumzi kitu chengine isipokuwa mwaka huu, mwaka huu, na mwaka hauji.

Januari 2023 Ronaldo kafika Riyadh kwa Al Nassr, dunia yote imegeuka kule. Mwezi huo huo kombe la Super, nusu fainali, Ittihad kampiga Al Nassr 3-1 na Ronaldo yumo, fainali kampiga Al-Feiha 2-0. Halafu ligi. Mechi 30, magoli ya kufungwa kumi na tatu tu! Golini Marcelo Grohe, Mbrazil, mbele Hamdallah wa Morocco kafunga 21. Mwezi wa Mei wameshinda 3-0 kwa Al-Feiha wamekuwa mabingwa na mechi moja bado imebaki. Usiku ule mie nilikuwa kazini, kutoka Tahlia Street mpaka Corniche nilitumia saa mbili na nusu, magari hayendi, watu wamekaa juu ya mapaa ya magari. Abiria wangu alikuwa na ndege ya kuwahi, ikampita, akasema haidhuru.

Msimu wa pili wakaletwa Benzema, Kanté, Fabinho. Magazeti ya huku yakaandika kwamba kocha na Benzema hawaelewani. Novemba 2023 kafungwa na timu ya Iraq ligi ya mabingwa Asia, keshoye hayupo.

mtu_wa_pembeni

Magoli 13 mechi 30. Huyo kweli alikuwa kipa

mwana_kisauni

Mko sawa watu wa bara? Mimi Mombasa. Nilianza kumfuata huyo kocha Nottingham Forest kwa sababu ya Divock Origi, alikuwa hapo kwa mkopo ile 2023-24, sisi Wakenya tukisikia jina la Okoth tunafungua TV. Origi mwenyewe hakufanya kitu hapo, tusidanganyane, lakini mimi nikabaki na Forest.

Alikuja siku chache kabla ya Krismasi 2023, Steve Cooper amefutwa, timu inazama. Halafu wakakatwa pointi 4 kwa mambo ya matumizi ya pesa. Kitu cha kwanza alichofanya angalia ni kipi: golini. Alikuta Turner na Vlachodimos, Februari mosi akaleta Matz Sels kutoka Strasbourg, watu wakauliza ni nani huyo. Wakaponea nafasi ya 17 na pointi 32. Msimu uliofuata huyo Sels akagawana glavu ya dhahabu na Raya wa Arsenal, mechi 13 kila mmoja bila kufungwa goli. Na kwa FA Cup Sels akawatoa watu kwa penati raundi tatu mfululizo, Exeter, Ipswich, Brighton, mpaka nusu fainali Wembley ndipo City akamalizana nao.

Wamemaliza wa 7 pointi 65. Chris Wood, yule mzee wa New Zealand, magoli 20! Na kule Anfield Septemba 2024 walishinda 1-0, Forest hawakuwa wameshinda pale tangu 1969. Aliyefunga Hudson-Odoi, aliyempa pasi Elanga, na wote wawili waliingia kutoka benchi. Mleta mada hiyo nakupa zawadi.

kipa_wa_akiba

Naipokea kwa mikono miwili. Na glavu.

GunnerWaTandale

Sawa hapo kwa Sels nimeelewa. Ila kwa nini kila mahali anaishia kugombana? Valencia kelele, Porto kelele, Saudia kelele, Forest mpaka mmiliki kaingia uwanjani.

mwana_kisauni

Hiyo ya mmiliki Marinakis kuingia uwanjani Mei 2025, baada ya droo ya 2-2 na Leicester, wengine walisema alikuwa anamfokea, klabu ikasema hapana. Juni wakampa mkataba mpya hadi 2028. Halafu kaja Edu mkuu wa masuala ya mpira, Agosti Nuno akasema mbele ya waandishi kwamba uhusiano wake na mmiliki umebadilika. Ukisema hivyo hadharani ushaaga. Mechi ya mwisho wamepigwa 3-0 nyumbani, wamepigwa na nani? WEST HAM. Septemba 9 usiku wa manane akafutwa, mwisho wa mwezi huo huo yuko West Ham. Na Forest wakamleta Postecoglou, siku 39, mechi 8, ushindi hakuna, naye akafutwa.

mzee_wa_kumbukumbu

Gunner swali lako zuri. Mimi naona hivi, kipa ni mtu wa peke yake, hata mazoezini wanafanya pembeni na kocha wao. Nuno hapendi maneno, mikutano yake na waandishi ni ya kulazimishwa. Mambo yakiwa mazuri huo ukimya mnauita busara, yakiharibika mnauita kiburi.

Na kabla sijalala, mfikirieni Julen Lopetegui. Naye alikuwa golikipa, naye alikaa benchi sana Barcelona. Kafundisha Porto, Nuno akaja baadaye. Agosti 2020 robo fainali Europa League, Sevilla ya Lopetegui kamtoa Wolves ya Nuno 1-0, Raúl Jiménez kakosa penati mapema, Ocampos kafunga dakika ya 88. Kisha Lopetegui akaja kufundisha Wolves. Kisha akafundisha West Ham. Na Septemba 2025 Nuno naye akaenda West Ham. Makipa wawili wa akiba wanapokezana viti Ulaya nzima.

mbwamwitu_wa_sinza

Ile penati ya Jiménez mzee umenitonesha. Miezi mitatu baadaye akapasuka fuvu pale kwa Arsenal na timu haikuwa ile tena, tukamaliza wa 13, Nuno akaondoka. Ila mwaka ule wa korona alitoa pauni 250,000 zake kwa ajili ya chakula cha familia za Wolverhampton.

bishoo_wa_mkeka

Kwa hiyo wikiendi nimpe West Ham?

mtu_wa_pembeni

Mleta uzi umetuambia ya Yokohama, hujatuambia ya kwako. Siku yako ya kuingia ilikuwaje? Usiseme hukuwahi kuingia

kipa_wa_akiba

Niliingia. Mara moja kwenye ile michuano, nusu fainali ya kombe la mbuzi, 0-0 zimebaki kama dakika kumi. Namba moja wetu katoka kudaka krosi kapigwa goti la mdomo, jino limetoka, mpira umeenda kona. Timu ilikuwa na glavu pea moja tu, kwa hiyo ilibidi nimvue mwenyewe pale chini, zimelowa jasho na damu, zimekuwa nzito, kidole gumba cha kulia kimechanika.

Nimesimama golini. Sasa mimi toka dakika ya kwanza nimekaa pale pembeni naona namba tisa wao kila kona anajifanya anaenda nguzo ya mbele halafu anakata anarudi nyuma ya beki wetu wa kushoto. Kila kona. Nimeiona mara tano. Kona inapigwa, namuona anaanza kukata, nikaita kwa nguvu zangu zote "NYUMA YAKO!"

Beki hakugeuka.

mtu_wa_pembeni

Kwa nini sasa

kipa_wa_akiba

Mwezi mzima alikuwa anasikia sauti ya mwingine. Yangu hakuijua, alidhani ni shabiki.

mbwamwitu_wa_sinza

😭😭 mkafungwa

kipa_wa_akiba

Moja bila. Mechi ilipoisha nikamrudishia namba moja glavu zake, yuko chini ya mkorosho anatema damu kwenye kopo, akaniangalia akaniuliza "ulimwita?" Nikamwambia nilimwita.